Anwani ya Tatu

Imefika Jumanne, bahasha nene kama mkate,
theluji ya Duluth imelowesha pembe moja.
Nimeifungulia jikoni, kahawa ikipoa,
miwani ya marehemu Arne puani, kwa kuwa yangu imevunjika.

Kurasa kumi na tisa.
Sikujua maisha yangu yana kurasa nyingi hivyo,
na katika zote asitajwe hata mbwa.

Wanaanza na jina. Marlys Haugen. Marlys J. Haugen.
Na mahali pengine Marlis, kwa i,
kama alivyoniandika karani wa benki mwaka ule wa nyumba
nami nikaona haya kumsahihisha.
Kisha waajiri: kiwanda cha karatasi, kilichofungwa;
jiko la shule ya msingi, miaka ishirini na miwili.
Mshahara hawauandiki. Nimeutafuta, haumo.
Wala ile alama wanayoitaja redioni,
mia saba na ngapi sijui. Hiyo, naambiwa, huuzwa kando,
kama chumvi kwenye mkahawa wa bahili.

Halafu madeni, na chini ya kila deni
visanduku vidogo, mwezi kwa mwezi,
kijani, kijani, kijani, kama mbaazi ndani ya ganda.
Nyumba: imelipwa. Gari la Arne: limelipwa.
Jokofu: limelipwa, ingawa linanguruma.
Oktoba ya mwaka aliolazwa kuna chekundu kimoja:
siku thelathini.
Ni kweli, nilichelewa.
Kisanduku ni kidogo, hakitoshi kuandika
nilikuwa nimeshika mkono wa nani.

Kuna hata orodha ya waliokuja kuchungulia,
jina na tarehe, kama majirani waliosimama dirishani:
benki, kampuni ya bima, duka la matairi.
Sikumbuki kununua matairi.

Ukurasa wa kumi na moja, kadi nisiyoijua.
Dola elfu sita mia nne na kumi.
Ilifunguliwa Machi. Kijani mara mbili tu,
kisha thelathini, sitini, tisini,
kisha neno moja: limeuzwa.
Deni limeuzwa kwa wakusanyaji
kama ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa.

Nikasema: mwizi.
Nikasema kwa sauti; jokofu likaitikia.
Nikarudi ukurasa wa kwanza, kwenye anwani,
nilizoziruka, maana nani asiyejua alikolala?
Ya kwanza, hapa. Ya pili, kwa mama, kabla ya ndoa.
Ya tatu: Fargo, jengo la matofali, chumba namba sita.

Sijapata kuishi Fargo.
Lakini anwani hiyo mkono wangu unaijua.
Huiandika kila Desemba kwa kalamu nene
juu ya boksi la soksi na biskuti za siagi
kwenda kwa Soren, mwanangu,
aliyenipigia simu Machi hiyohiyo
kuniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa,
ukoo wa bibi yake kabla hajaolewa.
Nikafurahi. Nikadhani anatafuta asili yake.
Nikamtajia herufi kwa herufi.

Ndani ya bahasha kuna fomu.
Weka alama: Akaunti hii si yangu.
Weka alama: Namjua aliyeifungua.
Ya kwanza nimeiweka. Ya pili,
wino umefanya doa pale kalamu iliposimama.

Nje linapita tingatinga la theluji,
linasomba ya barabara nzima na kuimwaga mlangoni kwangu
kama kila mwaka, nami kila mwaka huitoa kwa koleo,
sijapata kuuliza ni theluji ya nani.

Nimeinua simu. Fargo inaita.
Nahesabu milio kama wanavyohesabu wao:
thelathini.
Sitini.
Tisini.